Kanisa la Wacheki kule Texas sio gofu wala makumbusho, ni kigango

Kuna klipu imezunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp siku hizi, nadhani hata wewe imeshakufikia mara mbili tatu. Jamaa anaendesha gari katikati ya malisho ya ng'ombe kule Texas, hakuna duka, hakuna sheli, mara linatokea kanisa jeupe na mnara wake, anasukuma mlango, ndani dari ni la bluu limejaa nyota, maua yamepakwa mpaka kwenye kona ambazo hakuna anayeziangalia. Na kanisa tupu, hakuna hata mtu mmoja. Chini ya klipu maneno ni yaleyale: Wazungu wamemwacha Mungu, oneni, babu zao walijenga wao wanafuga buibui. Halafu kwa sababu habari za majimbo ya Kikatoliki Marekani kuunganisha parokia zimekuwa nyingi (St. Louis mwaka 2023 walitoka parokia 178 wakabaki na 134, Baltimore mwaka uliofuata parokia 61 zikawa 23), basi watu wanachukua hii wanaibandika kwenye ile, hukumu inatoka palepale, kwamba makanisa ya vijijini ya wahamiaji wa zamani yameshakufa, kilichobaki ni mazishi tu.

Mi naona tunasoma vibaya. Kanisa lililo tupu siku ya Jumanne saa tano asubuhi halijafa, ni Jumanne tu, watu wako kazini. Na kanisa ambalo padri anakuja kwa zamu, waumini ni wachache, na jimbo linaliangalia kwa mashaka kila bajeti ikikaa vibaya, sisi tuliokulia Ukatoliki wa Tanzania tuna jina lake la kila siku na wala hatulisemi kwa huzuni, tunaliita kigango. Hoja yangu ndo hiyo naisema mapema ili anayetaka kubisha aanze kujiandaa: makanisa haya ya Wacheki hayakusimama miaka mia na ushee kwa sababu ya michoro, wala kwa sababu yalijaa kila Jumapili, yamesimama kwa sababu ya makaburi, vyama vya kufa na kuzikana, na pikiniki moja kubwa kwa mwaka, na yeyote anayeyapima kwa kuhesabu vichwa vya Jumapili anatumia mizani ya nyama kupimia maji.

Tuanze na lenyewe. Kanisa ninalolizungumzia ni la Watakatifu Sirili na Metodi pale Dubina, kaunti ya Fayette, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Houston ukishika barabara kuu ya kwenda San Antonio. Dubina kwa Kicheki ni msitu wa mialoni. Mwaka 1856 familia chache kutoka Moravia, sehemu ya nchi ya Wacheki (Czech ya leo), wakati huo ikiwa chini ya dola ya Austria, zilishuka Texas zikaenda kukaa hapo, na masimulizi ya wenyeji yanasema usiku wao wa kwanza walilala chini ya hiyo mialoni huku mvua ya barafu inawapiga. Hawakuwa matajiri hawa. Ukisikia "walowezi wa Kizungu" akili yako inaenda kwenye mashamba ya Naivasha, lakini hawa walikuwa wakulima wa viploti vidogo vilivyogawanywa kwa watoto mpaka vikaisha, wengi wakitoka kwenye ukoo ambao babu alikuwa bado anafanya kazi ya lazima kwenye shamba la bwana mpaka mwaka 1848. Walikuja kutafuta ardhi. Waliipata, wakalima pamba, na kwa miaka mingi hawakuwa na padri wao. Padri alikuwa anakuja kwa farasi, anabatiza waliozaliwa tangu alipopita mara ya mwisho, anafungisha ndoa, anabariki makaburi ya waliokwisha kuzikwa, anaondoka. Katikati hapo walisali wenyewe, mtu anayejua kusoma akisoma, wanaojua nyimbo wakiimba. Sasa niambie hiyo ni nini kama sio kigango.

Kanisa la kwanza la maana walilijenga mwaka 1877. Hapa kuna kitu ambacho klipu haionyeshi na mi ndicho kilichonifanya niende kuliona kwa macho. Msalaba wa chuma uliowekwa juu ya mnara wa kanisa lile ulifuliwa na mhunzi mweusi anaitwa Tom Lee, mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Fikiria miaka yenyewe, uhuru wa watumwa Texas ulitangazwa Juni 1865, kwahiyo hapo ni miaka kumi na mbili tu imepita, na mtu ambaye nusu ya kwanza ya maisha yake alikuwa mali ya mtu mwingine ndiye anayewafulia msalaba Wacheki ambao wenyewe wameondoka kwao kwa kukosa ardhi. Julai 1909 kimbunga kikaja kikalibomoa kanisa lote. Msalaba wa Tom Lee ukaokotwa. Walipojenga kanisa jipya, lililokamilika karibu na mwaka 1912, wakaupandisha tena juu, na mpaka leo uko pale, ukisimama mlangoni ukainua kichwa unauona. Nilisimama pale hadi shingo ikauma. Ni msalaba wa kawaida tu, mweusi, una mapambo kidogo kwenye ncha, lakini umepita kwenye kimbunga ambacho mbao na matofali hayakupita, na jina la aliyeufua bado linatajwa, kitu ambacho kwa mafundi wengi weusi wa zama zile hakikutokea.

Mwaka huohuo wa 1912 moto ukaunguza sehemu kubwa ya mji wenyewe, na hapo Dubina kama mji ikawa imekwisha. Kwa kweli ilishaanza kuisha tangu mwaka 1873 reli ilipopita miji ya jirani ya Weimar na Schulenburg ikawaruka. Sisi tunaijua hii hadithi, reli au lami ikipita kilomita chache pembeni mji unahama wenyewe bila kufukuzwa. Biashara zikaenda kwenye stesheni, vijana wakafuata biashara. Kanisa likabaki. Praha, kijiji kingine cha Wacheki upande wa Flatonia, ni vilevile: reli iliwaruka, watu waliobaki pale ni wachache ungeweza kuwaweka kwenye daladala moja, lakini kanisa lao la mawe la mwaka 1895 lina mnara unaoonekana toka mbali kabla hujaona nyumba yoyote. Kwahiyo hili suala la "kijiji kimekufa kanisa limebaki" sio habari mpya ya mwaka huu wala dalili ya kizazi hiki kumkana Mungu. Kwa Dubina lina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Kama ni kufa, basi ni mgonjwa ambaye waombolezaji wote wameshatangulia yeye bado anakunywa uji.

Michoro sasa, maana ndo inayowachanganya watu. Wengi wanadhani wachoraji waliletwa kutoka Ulaya kwa hela nyingi, au kwamba ile ni marumaru kweli. Sio. Nguzo nyingi kwenye makanisa haya ni mbao zilizopakwa rangi na kupitishwa unyoya au brashi nyembamba zionekane zina mishipa ya marumaru. Maua yanayojirudia ukutani ni ya kibao kilichokatwa umbo, unabandika, unapitisha rangi, unasogeza, unabandika tena. Waliofanya kazi hiyo walikuwa mafundi wa kuzunguka, wengine wahamiaji wenyewe. Praha alichora Gottfried Flury, Mswisi aliyekuwa anaishi hukohuko Texas, na kwenye kanisa la High Hill jirani, ambalo ni la Wajerumani zaidi, walichora Ferdinand Stockert na Hermann Kern kutoka San Antonio. Wakulima wa pamba walitaka nyumba ya Mungu ifanane na ile waliyoiacha kwao, hawakuwa na hela ya jiwe, wakafanya jiwe kwa rangi. Na wala hawakuiabudu hiyo rangi. Pale Dubina mnamo miaka ya 1950 wenyewe waliipaka chokaa yote ikawa nyeupe, wakaona ndo usasa, kisha miaka ya 1980 wakairudisha. Kwa miaka kama thelathini hivi kanisa lilikuwa halina zile nyota zinazotutoa machozi kwenye simu, na katika miaka hiyo hakuna harusi iliyoahirishwa.

Kilicholiweka hai ni kitu kisichopigika picha. Wacheki wa Texas walikuwa watu wa vyama kuliko hata sisi. Mwaka 1889 Wakatoliki wao walianzisha Katolická Jednota Texaská, yaani Umoja wa Wakatoliki wa Texas, kwa kifupi KJT, na wanawake wakaanzisha wa kwao, KJZT, mwaka 1894. Mwaka 1897 pale La Grange wakaja na SPJST ambao haukuwa wa kanisa, walijitenga na chama kikubwa cha Wacheki wa kaskazini kwa sababu waliona michango yao inaliwa na wenzao. Mwaka 1901 wakulima wakaanzisha RVOS, bima ya moto ya kulindana wao kwa wao. Ukiondoa majina magumu unabaki na kitu unachokifahamu vizuri sana: unachangia kidogokidogo, ukifa mjane anapata kitu, nyumba ikiungua wenzio wanakuinua, na kwenye mazishi wanachama wanakuja na bendera yao. Kufa na kuzikana. Kikoba chenye bendera. Na vyama hivi sio historia ya kwenye kabati, vyote nilivyovitaja vilivuka karne nzima vikageuka kuwa kampuni za bima za wanachama zenye ofisi na mawakala. Jamii iliyojifunga namna hii haihitaji kukaa kijiji kimoja ili ibaki jamii. Anaweza kuhamia Houston, akafanya kazi kwenye kampuni ya mafuta, akaoa Mmeksiko, lakini sera ya bima ya babu imeandikwa tawi la kule, na kaburi la babu liko kule, na yeye mwenyewe ameshasema atazikwa kule.

Nenda makaburini nyuma ya kanisa utaona. Mawe ya zamani yameandikwa Zde odpočívá, yaani hapa amepumzika, na herufi za Kicheki zina vile viparapara juu yake, mengine yana picha ndogo ya marehemu kwenye kigae cha duara, mzee ana sharubu amekaza uso kama anadaiwa. Ukizidi kutembea lugha inabadilika. Majina ya ukoo yanabaki yaleyale ila herufi zimevuliwa viparapara, kisha maneno yote yanakuwa ya Kiingereza. Ukitembea taratibu unaiona lugha inazikwa huku ukoo unaendelea. Hapa ndo kuna kejeli moja naipenda: Sirili na Metodi, wasimamizi wa kanisa hili, ndo wale ndugu wawili waliokwenda Moravia mwaka 863 wakawapa watu ibada kwa lugha yao ya Kislavoni badala ya Kilatini, wakagombana na maaskofu wa Kijerumani kwa ajili hiyo. Na katika watoto waliofika Dubina mwaka ule wa 1856 alikuwemo Augustin Haidusek, akaja kuwa jaji wa kaunti na mwenye gazeti la Kicheki la Svoboda, na huyohuyo ndiye aliyeshikilia kwamba shule zifundishe Kiingereza, baadhi ya wenzake wakamwona msaliti. Mabishano yaleyale tunayofanya sisi kila mwisho wa wiki kuhusu watoto wetu wasiojua Kiswahili. Wengi wetu tunaamini lugha ikifa na jamii imekwisha. Makaburi ya Dubina hayakubaliani na sisi moja kwa moja, na mi mwenyewe sijafurahi kuyakuta yanasema hivyo.

(Kwa Watanzania wa Mbeya na Tabora mnaojiuliza hii Moravia ndo ile ya Kanisa la Moravian, jibu ni ndiyo, ila kwa njia ya kuzunguka. Wafuasi wa Jan Hus, padri wa Kicheki aliyetaka kanisa lirekebishwe akachomwa moto mwaka 1415, walianzisha umoja wa ndugu, wakafukuzwa, wakafufukia Ujerumani, na wamisionari wao ndo waliofika Rungwe mwaka 1891. Texas nako kuna tawi la mizizi hiyohiyo, Kanisa la Ndugu pale Wesley la mwaka 1866, na lenyewe ndani limechorwa, tena na mchungaji wao mwenyewe. Lakini Wacheki wengi wa Texas ni Wakatoliki, kwahiyo tusichanganye.)

Sasa upande wa maaskofu, maana sitaki ionekane ni watu wabaya wenye makasi. Hoja yao ni nzito. Mapadri wamepungua na waliopo wamezeeka. Padri mmoja anazungukia makanisa manne Jumapili moja, misa ya saa moja hapa, saa tatu kule, anaendesha gari amevaa alba, lile kanzu jeupe la misa, anafika anasoma misa anaondoka bila kujua mama fulani mguu wake umefikia wapi. Bima ya jengo la zamani ni ghali, paa la mbao likivuja halisubiri sadaka, na umeme wa kanisa la watu arobaini ni karibu sawa na wa kanisa la watu mia nne. Mwingine atakuambia kwa haki kabisa kwamba mseminari hakuitwa na Mungu kuja kuwa mlinzi wa majengo. Na hapo kuna jambo ambalo sisi tunalijua zaidi yao, kwamba kwenye parokia nyingi za vijijini Marekani sa hivi padri ni Mnaijeria, au Mhindi, au Mvietnamu, amekuja kufanya umisionari kwa watu ambao babu zao waliwatuma wamisionari. Askofu anayeomba padri kutoka Afrika ili aweke misa kwenye kanisa la watu thelathini, wakati kule alikotoka huyo padri kuna kigango cha watu mia tatu kinamsubiri mara moja kwa mwezi, ana swali la kujibu. Hii hoja mi siwezi kuipuuza, na ndo maana sisemi kila kanisa libaki na misa kila Jumapili.

Kuna na wale wanaosema kanisa ni watu sio jengo, kwahiyo acheni ung'ang'anizi. Ni kweli, na ni rahisi kusema pale jengo linalozungumziwa sio lile ulilobatiziwa. Hawa nawaheshimu ila naona wanakwenda haraka. Watu wale ni watu kwa sababu wana mahali pa kukutania. Ondoa kanisa la Praha, ambako parokia ndogo vile ilipoteza vijana tisa kwenye Vita vya Pili vya Dunia na wote wanakumbukwa pale makaburini, halafu waambie wale ndugu zao kwamba sasa wao ni kanisa wakiwa popote pale. Watakuelewa kwa kichwa. Miguu yao Agosti 15, siku yao ya kukutana pale kila mwaka, itaenda palepale.

Hoja dhaifu kuliko zote ndo inayopigiwa makofi sana, kwamba tuyageuze makumbusho, watalii watalipa. Inasemwa na watu wenye nia njema, wanaopenda urithi, na wana kitu cha kushika mkononi maana mwaka 1983 makanisa 15 ya Texas yenye michoro ya namna hii yaliwekwa kwenye rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria, na kweli mabasi ya watalii yanakuja Schulenburg. Lakini hebu fikiri kwa kalamu na karatasi. Mtalii anakaa dakika ishirini, anapiga picha, anaacha dola mbili tano kwenye kisanduku, anakwenda kula soseji mjini. Hatafyeka nyasi makaburini. Hatapanda juu kuangalia mchwa. Mfano wanaopenda kuutoa ni Spillville, Iowa, ambako Wacheki walijenga kanisa la Mtakatifu Wenseslao mwaka 1860, na mwaka 1893 Antonín Dvořák mwenyewe, mtunzi mashuhuri wa muziki wa Kicheki, alikwenda kukaa pale likizo nzima, akawa anapiga kinanda cha kanisa misa ya asubuhi, na kwa wiki mbili hivi za Juni akamaliza kuandika ile kwateti yake (muziki wa ala nne za nyuzi) inayoitwa ya Kimarekani. Nyumba aliyokaa mpaka leo ina makumbusho. Sawa kabisa. Ila Dvořák alikuwa mmoja na vijiji vya Wacheki Texas, Nebraska na Iowa ni vingi, hakuna namna ya kumgawa. Na hata pale Spillville makumbusho yako kwenye nyumba aliyopanga, sio kanisani, na nadhani hilo lina maana kubwa kuliko wanavyodhani wanaoutoa mfano huo. Siku ukifunga ibada ukaacha kioo na tiketi, unawapoteza watu pekee ambao wangefanya kazi ya bure, halafu unaanza kutafuta hela ya kuwalipa wengine waifanye vibaya.

Na kuna wenzetu wanasema Waafrika tununue haya makanisa. Nimelisikia hili mara nyingi Houston, hasa kwenye jumuiya yetu ambayo inasali kwa Kiswahili kwenye kanisa la kuazima, tunaingia saa nane mchana baada ya misa mbili za Kihispania, viti bado vya moto, na mara moja tulikuta ukumbi tuliolipia umepewa watu wa sherehe ya kuzaliwa, tukala pilau letu kwenye maegesho ya magari. Hasira ile inamfanya mtu aote kanisa lake mwenyewe lenye mnara. Lakini sisi tunaishi mjini, kazi ziko mjini, na saa moja na nusu ya barabara kila Jumapili na watoto nyuma ni mzigo. Kitu cha kuchukua Dubina mi nadhani sio jengo. Ni ule mpango wa KJT na RVOS, wa kufanya michango ya misiba iwe taasisi yenye katiba na mahesabu badala ya kupitisha kofia kila mtu anapokufa halafu tunatafutana kwenye grupu nani hajatoa.

Turudi kwenye sheria maana wengi hawaijui na inabadilisha mjadala mzima. Kuunganisha parokia na kufunga kanisa ni mambo mawili tofauti. Angalia tena Baltimore: parokia 23, lakini sehemu za ibada 30. Parokia ni utawala, ni paroko, daftari na akaunti. Jengo ni kitu kingine, na kanuni 1222 ya Sheria ya Kanisa inasema kanisa ambalo bado linafaa kwa ibada halitolewi kwenye matumizi matakatifu bila sababu nzito. Mwaka 2013 idara ya Vatikani inayosimamia makleri ilitoa mwongozo ukaeleza kwamba mpango wa jumla wa jimbo kupunguza makanisa hautoshi kuwa sababu nzito, parokia kufutwa haitoshi, waumini kupungua peke yake hakutoshi. Hata ukosefu wa hela lazima uonyeshwe kwa kanisa lilelile, sio kwa jimbo zima. Waumini kadhaa Marekani wameshakata rufaa Roma. Kwahiyo ukisoma kichwa cha habari kwamba parokia imefutwa, usianze kulia, uliza kwanza mlango unafungwa au paroko ndo anahama. Mara nyingi kinachotokea ni kanisa kushushwa cheo tu. Wamarekani wanalia kwa sababu kwao hakuna neno la heshima kwa kanisa lililoshushwa cheo. Sisi tunalo.

Na hapa ndo nasema wangetuuliza. Kigango kinaendeshwaje? Kuna katekista anayekaa palepale, ana funguo, anajua nani anaumwa. Jumapili isiyo na padri inakuwa ibada ya neno, komunyo kama imeachwa. Kuna kamati, kuna jumuiya ndogondogo zinazosali majumbani siku za wiki, utaratibu ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliusukuma tangu miaka ya 1970 hasa kwa sababu mapadri walikuwa hawatoshi. Padri akija mara moja kwa mwezi ni sikukuu, watu wanavaa. Kuna mnada baada ya misa, jogoo anauzwa bei ya mbuzi na aliyemnunua anamrudisha auzwe tena. Pikiniki ya Dubina, Jumapili ya kwanza ya Julai kila mwaka, ni hiyohiyo kwa lugha nyingine: misa asubuhi, kuku wa kukaanga na nyama ya kuchemshwa kwenye masufuria makubwa, muziki wa polka, na mnada ambapo keki inauzwa kwa bei isiyo ya keki. Ammannsville wana ya kwao Juni, siku ya akina baba, kwenye kanisa la pinki la mwaka 1919 ambalo ni la tatu baada ya kimbunga kuchukua la kwanza na moto kuchukua la pili. Watu wanaendesha gari kutoka Houston, Austin, Dallas. Makanisa haya yana watu, ila watu wake wanakuja na kalenda nyingine, na jimbo linahesabu Jumapili za kawaida.

Sisemi kigango ni pepo. Najua vigango vilivyofia mikononi mwa katekista aliyegombana na kila mtu, na najua kanisa la kuja mara moja kwa mwaka kula kuku linaweza kugeuka klabu ya ukoo. Hilo ni kweli na Wacheki wenyewe wanajua, vijana wengi wanakuja kwa ajili ya bia na polka na misa wanaisikilizia nje chini ya mti. Ila mti wenyewe ni mwaloni, na wale waliofika mwaka 1856 nao hawakuwa na zaidi ya hapo. Ukiwa Houston Julai hii toka mapema, misa inawahi kujaa na maegesho ni nyasi tu, vaa viatu vya kawaida. Halafu ukishakula zunguka nyuma, waangalie waliokaa makaburini na viti vyao vya kukunja wanang'oa magugu, uwahesabu wale.